Namna ya Kufuatilia Mkono wa Mhandisi Katika Chipu za Michoro

Mbele ya mashine ya michezo ya GameCube, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Septemba 2001, imebandikwa stika ndogo yenye jina la ATI. Stika hiyo haisemi uongo, kwa kuwa wakati huo ATI ndiyo iliyokuwa mmiliki wa usanifu wa Flipper, chipu ya michoro iliyomo ndani ya mashine. Hata hivyo haisemi yote. Flipper ilibuniwa na kampuni changa iliyoitwa ArtX, na ArtX yenyewe ilianzishwa mwaka 1997 na wahandisi waliotoka Silicon Graphics, ambako walikuwa wameshiriki kutengeneza chipu ya mashine iliyotangulia ya Nintendo, yaani Nintendo 64. Kwa hiyo nyuma ya jina moja lililoandikwa kwenye plastiki kuna kampuni tatu na kundi moja la watu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta, mwandishi wa habari za teknolojia, au mpenzi yeyote wa kompyuta anayetaka kueleza kwa ushahidi jinsi watu waliohama kutoka kampuni moja kwenda kwa mshindani wake walivyobadilisha chipu zilizofuata. Tumezoea kusema kwamba Nvidia imebuni hiki au AMD imebuni kile, kana kwamba kampuni ina mikono. Wanaobuni ni watu, na watu hao wana historia ya kazi inayoweza kufuatiliwa. Ninavyoona mimi, baada ya miaka mingi ya kusoma makala za kiufundi na hataza (hati za haki ya uvumbuzi) za fani hii, kitu ambacho mhandisi huenda nacho kwa uhakika zaidi ni kumbukumbu ya kile kilichomshinda kule alikotoka. Michoro ya saketi ni mali ya mwajiri na hataza hubaki kwa mwajiri, lakini ujuzi wa mahali mzigo ulipokwama hauwezi kuachwa mlangoni siku ya kukabidhi kitambulisho cha kazi.

Anza na kasoro, usianze na jina la mtu

Wengi huanza kwa kuchukua jina la mhandisi mashuhuri, kisha wanaorodhesha kila chipu iliyotoka katika kampuni alizopitia na kumpa yeye sifa zote. Njia hiyo hupotosha. Anza na chipu ya zamani, uulize ilishindwa wapi, kisha uitazame chipu mpya uone kama mahali palepale pametiwa nguvu kuliko ilivyokuwa kawaida kwa wakati huo.

Tuchukue Nintendo 64, iliyotoka mwaka 1996, na tuitazame kwa karibu. Chipu yake ilikuwa na hifadhi ya ndani ya kilobaiti 4 tu kwa ajili ya tekscha, yaani vipande vya picha vinavyopakwa juu ya maumbo ili ukuta uonekane ukuta na nyasi zionekane nyasi. Fanya hesabu mwenyewe: kipande chenye upana wa pikseli 64 na kimo cha pikseli 32, kila pikseli ikichukua baiti 2, kinafika baiti 4,096, na hapo hifadhi yote imejaa. Mtengenezaji wa mchezo aliyetaka ukuta mrefu alilazimika kukivuta kipande hicho kidogo kifunike eneo kubwa, na ndiyo sababu ukimsogeza mchezaji karibu na ukuta katika michezo mingi ya mashine ile, ukuta unageuka ukungu. Tatizo la pili lilikuwa kumbukumbu kuu. Ilikuwa ya aina ya RDRAM, ambayo iliweza kumwaga data nyingi ikishaanza, ila ilichelewa kujibu kila ilipoombwa, nayo ilitumiwa kwa pamoja na kichakata kikuu na chipu ya michoro, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

Sasa ifungue Flipper. Ndani ya chipu yenyewe imewekwa kumbukumbu ya megabaiti 3, ambapo megabaiti 2 ni za picha inayochorwa na vina vya maumbo (yaani lipi liko mbele na lipi liko nyuma), na megabaiti 1 ni ya tekscha. Megabaiti 1 ni mara 256 ya kilobaiti 4. Kumbukumbu kuu ya GameCube nayo, megabaiti 24, ilikuwa ya aina ya 1T-SRAM, ambayo sifa yake kubwa ni kujibu upesi. Sehemu mbili zilizoumiza Nintendo 64 ndizo hasa zilizotumiwa fedha na eneo la silikoni katika Flipper. Mtu ambaye hakuwahi kuteseka na zile kilobaiti 4 angeweza kufanya uamuzi huo pia, lakini anapoufanya yule aliyeteseka, na kuufanya kwa mkazo wa namna hiyo, ushahidi unaanza kupata uzito.

Kwa hiyo katika daftari lako, ukurasa wa kwanza usiwe wa majina. Uwe na safu mbili: kasoro ya chipu ya awali kwa maneno na tarakimu, na jibu lililotolewa katika chipu ya baadaye. Kama safu ya pili haina tarakimu, bado hujachimba vya kutosha.

Tengeneza kalenda, uiheshimu

Chipu kubwa ya michoro huchukua miaka kadhaa kutoka wazo la kwanza hadi rafu ya duka. Kwa sababu hiyo, mhandisi aliyeajiriwa mwezi Januari hakubuni chipu iliyotangazwa mwezi Juni mwaka huohuo, hata kama matangazo yanataka uamini hivyo. Andika tarehe ya kuhama, andika tarehe ya chipu kutangazwa, kisha upime nafasi iliyo katikati.

ATI, kampuni ya Kanada yenye makao yake Markham katika jimbo la Ontario, ilitangaza kuinunua ArtX mwezi Februari 2000 kwa hisa zenye thamani ya takribani dola milioni 400. Flipper ilikuwa imeshabuniwa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo jina la ATI kwenye GameCube lilipatikana kwa ununuzi. Matunda ambayo ATI iliyalipia yalionekana katikati ya mwaka 2002, ilipotoka Radeon 9700 Pro, yenye chipu iliyojulikana kwa jina la ndani la R300. Kati ya ununuzi na chipu hiyo kuna miaka miwili na nusu hivi, muda unaotosha kwa timu iliyoingia kuongoza usanifu tangu mwanzo, na timu ya ArtX ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi ile.

R300 inafaa kukaliwa kitako. Ilikuwa na transista zaidi ya milioni 100, njia 8 za kuchora pikseli kwa wakati mmoja, na barabara ya kumbukumbu yenye upana wa biti 256, mara mbili ya biti 128 zilizokuwa zimezoeleka katika kadi za kompyuta za nyumbani. Ilitengenezwa kwa mchakato wa mikroni 0.15 (kipimo cha udogo wa sehemu za chipu), ambao ulikuwa umeshazoeleka viwandani, wakati Nvidia iliamua kuijenga NV30, chipu ya GeForce FX 5800, kwa mchakato mpya zaidi wa mikroni 0.13, huku ikiacha barabara ya kumbukumbu katika biti 128. NV30 ilitangazwa Novemba 2002 na kufika madukani mwanzoni mwa 2003, ikiwa na feni ambayo kelele zake zilikuwa gumzo kwa wanunuzi. Angalia tena mahali R300 ilipotia nguvu: katika kulisha chipu data. Hilo ndilo lililokuwa donda la Nintendo 64, na ndilo lililotibiwa katika Flipper. Mimi nauona mstari mmoja katika mashine hizo tatu, ingawa nakiri kwamba upana wa kumbukumbu ni hitaji ambalo kila mbunifu wa michoro hulijua, na kwa hiyo mstari huo una nguvu katika Flipper kuliko katika R300.

Kalenda hiyohiyo hukusaidia kukataa madai. Nvidia ilitangaza tarehe 15 Desemba 2000 kwamba inanunua mali kuu za 3dfx, mshindani wake wa San Jose, kwa dola milioni 70 taslimu pamoja na hisa milioni 1, na kundi kubwa la wahandisi wa 3dfx likaingia Nvidia. Jina la GeForce FX lilipotokea miaka miwili baadaye, watu wengi waliziona herufi zile mbili za mwisho wakasema chipu hii ni mtoto wa 3dfx. Wahandisi hao walishiriki, hilo halina ubishi. Hata hivyo chipu inayotangazwa mwishoni mwa 2002 ilikuwa na misingi yake tayari wakati wageni wakiwa bado wanatafuta madawati yao katika mwaka 2001, kwa hiyo kuwatwisha mafanikio au makosa yote ya NV30 ni kuwaonea au kuwapendelea. Mahali panapofaa zaidi kuutafuta mkono wao ni katika kizazi kilichofuata, yaani GeForce 6800 ya Aprili 2004.

Soma majina yaliyo chini ya makala

Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo nakusihi usiharakishe. Wahandisi wa chipu hawaandiki majina yao juu ya silikoni, lakini huandika makala katika mikutano na majarida ya kitaaluma, na majina hayo hayafutiki wanapohama.

Chukua makala ya mwaka 1997 inayoeleza InfiniteReality, mfumo mkubwa wa michoro wa Silicon Graphics. Jina la kwanza kati ya waandishi wake ni John Montrym. Sasa chukua makala ya mwaka 2005 katika jarida la IEEE Micro kuhusu GeForce 6800 ya Nvidia: waandishi ni Montrym huyohuyo pamoja na Henry Moreton. Halafu chukua toleo la Machi na Aprili 2008 la jarida hilo, lenye makala kuhusu usanifu ulioitwa Tesla, ambao ulianza kuuzwa Novemba 2006 ndani ya GeForce 8800 ukiwa na vichakata vidogo 128 vinavyoweza kuchora na pia kupiga hesabu za kawaida. Waandishi ni wanne: Erik Lindholm, John Nickolls, Stuart Oberman na John Montrym.

Usiishie kwenye majina hayo. Fungua ukurasa wa mwisho, ambapo jarida huchapisha wasifu mfupi wa kila mwandishi, na hapo utaona kitu ambacho tangazo la biashara halitakuambia. Nickolls alikuwa mmoja wa waanzilishi wa MasPar, kampuni iliyotengeneza kompyuta zenye maelfu ya vichakata vidogo vinavyotekeleza amri moja kwa pamoja, na baadaye alipitia Sun Microsystems na Broadcom. Oberman alitoka AMD, ambako alikuwa msanifu wa amri za 3DNow! na wa kitengo cha hesabu za desimali cha kichakata cha Athlon. Montrym tunamjua kutoka InfiniteReality. Lindholm alikuwa ndani ya Nvidia tangu zamani, na jina lake lipo katika makala ya mwaka 2001 iliyoeleza injini ya GeForce 3 ambayo watunga programu waliweza kuiandikia amri zao wenyewe.

Yaweke hayo pembeni mwa chipu yenyewe. Tesla hupanga kazi katika makundi ya nyuzi 32 (yaani mifululizo 32 ya hesabu) zinazotekeleza amri moja kwa pamoja, wazo ambalo mtu wa MasPar alikuwa ameishi nalo. Ina vitengo vya hesabu za desimali vinavyopaswa kuwa vidogo na vya haraka, kazi ambayo mtu wa Athlon aliijua vizuri. Vyote viwili vimefungwa ndani ya mfumo wa michoro, ambao mtu wa Silicon Graphics aliufahamu kutoka kwenye mashine zenye ukubwa wa kabati. Chipu ile, ambayo vizazi vyake ndivyo vinavyofundisha mifumo ya akili unde leo, ilibuniwa na watu waliotoka katika mila tatu au nne tofauti za kompyuta. Kila ninapoufungua ukurasa ule wa wasifu naona kwamba aya zake chache zinafundisha kuliko vipeperushi vingi vya mauzo.

Hataza husaidia pia, ila zina mtego wake. Ukurasa wa kwanza wa hataza ya Marekani unakupa majina ya wavumbuzi, mmiliki aliyekabidhiwa haki, na tarehe ya kuwasilishwa. Watafutaji wengi hutazama mmiliki tu. Hataza zilizowasilishwa na 3dfx ziliingia mikononi mwa Nvidia pamoja na mali nyingine, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la mmiliki wa leo utaona Nvidia na utadhani wazo lilizaliwa hapo. Tazama tarehe ya kuwasilishwa na mmiliki wa kwanza, kisha tafuta kwa jina la mvumbuzi, usome alichoandika kabla ya kuhama na alichoandika baada yake. Kuwa mwangalifu na majina yanayofanana, kwa sababu California ina wahandisi wengi wenye jina moja la kwanza na la ukoo. Thibitisha kwa mji, kwa wavumbuzi wenzake na kwa mada.

Tafuta maelezo yanayokupinga

Ukishapata kasoro, kalenda na majina, bado hujamaliza. Jiulize kama jambo lile lingeweza kutokea bila mtu huyo kuhama. Swali hili limenifanya nifute kurasa kadhaa nilizozipenda.

Mfano mzuri ni kulainisha kingo, yaani kuondoa ngazi zinazoonekana kwenye mistari ya mshazari. Kadi ya Voodoo 5 ya 3dfx, mwaka 2000, ilipima kila pikseli katika vituo 4 vilivyopangwa kwa mraba uliozungushwa kidogo, na mpangilio huo ulilainisha mistari iliyokaribia kulala au kusimama wima vizuri zaidi kuliko mraba ulionyooka. GeForce FX ilitumia mraba ulionyooka. GeForce 6800, miaka mitatu na zaidi baada ya wahandisi wa 3dfx kuingia Nvidia, ikaja na mraba uliozungushwa. Hadithi inajiandika yenyewe: watu wa 3dfx walipopata nafasi, walileta walichokijua. Lakini R300 ya ATI ilikuwa imeshaachana na mraba ulionyooka mwaka 2002, bila kuinunua 3dfx, na wanunuzi wote walikuwa wameona tofauti kwenye skrini zao. Nvidia ingeweza kulazimishwa na mshindani peke yake. Hitimisho la haki ni kwamba kuhama kwa wahandisi kunaweza kuwa kulirahisisha kazi, wakati ushindani ulitosha kuidai.

Jina nalo lisikudanganye. Mwaka 1998 kadi mbili za Voodoo2 ziliweza kuunganishwa, moja ikichora mistari shufwa ya picha na nyingine mistari witiri, na mpango huo uliitwa SLI. Mwaka 2004 Nvidia ilirudisha herufi hizohizo tatu kwa kadi zake, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ni kitu kilekile kilichofufuliwa. Nilipokaa na kusoma jinsi kinavyofanya kazi, nikaona kwamba Nvidia iliipa kila kadi sehemu ya picha, au picha nzima kwa zamu, na hata maneno ambayo herufi zile zinasimamia yalikuwa yamebadilishwa. Herufi na wazo la jumla vilihama. Utaratibu wa ndani ulitengenezwa upya, kwa sababu chipu za 2004 zilifanya kazi ambayo haigawanyiki kwa mistari bila hasara.

Kuna pia madai yanayosikika mara kwa mara kuhusu GigaPixel, kampuni ndogo iliyobuni njia ya kuchora picha kwa vigae, kimoja baada ya kingine, ili data ibaki karibu na chipu. 3dfx iliinunua mwaka 2000, miezi michache kabla ya 3dfx yenyewe kuangukia mikononi mwa Nvidia. Mwaka 2016 mchambuzi David Kanter alionyesha hadharani kwamba chipu za Nvidia za kizazi cha Maxwell zinagawa picha kwa vigae. Wapo wanaounganisha nukta hizo mbili kwa mstari mmoja. Mimi siwezi. Katikati kuna zaidi ya miaka kumi, PowerVR ya Uingereza ilikuwa ikiuza chipu za vigae tangu miaka ya 1990, na chipu za simu zilikuwa zimeshaufanya utaratibu huo kuwa maarifa ya kila mtu. Bila jina la mtu aliyeko katika hataza za mwanzo na za mwisho, liache dai hilo katika safu ya mambo yanayosubiri ushahidi.

Soma sheria na kesi

Swali ambalo wasomaji huuliza haraka ni hili: inakuwaje mtu aruhusiwe kwenda kwa mshindani kesho yake asubuhi? Jibu lipo katika sheria ya California, katika kifungu namba 16600 ambacho chimbuko lake ni mwaka 1872, kinachobatilisha mikataba inayomzuia mtu kufanya kazi yake halali baada ya kuacha kazi. Silicon Graphics ilikuwa Mountain View, ArtX Palo Alto, Nvidia Santa Clara na 3dfx San Jose, miji inayofuatana katika bonde moja, kwa hiyo mhandisi aliweza kubadilisha mwajiri bila kuwahamisha watoto wake shule. Kilicholindwa ni siri za biashara na hataza, na hapo ndipo kesi zilipoanzia.

Silicon Graphics iliishitaki ArtX mwaka 1998 kwa madai ya siri za biashara, kisha ikaiondoa kesi mwaka huohuo. Mwezi Aprili 1998 iliishitaki pia Nvidia kwa madai ya kukiuka hataza, na kesi hiyo ilimalizika mwezi Julai 1999 kwa mapatano ya kushirikiana, ambayo yalifuatana na kundi la wahandisi wa michoro wa Silicon Graphics kuhamia Nvidia. Kwa mtafiti, kesi kama hizi ni hazina. Hati ya madai hutaja mwezi, idara na teknolojia ambazo kampuni isingezitaja popote kwa hiari yake. Isome kwa jicho la mtu anayejua kwamba hati ya madai ni kauli ya upande mmoja, na kwamba kesi iliyoondolewa haijathibitisha chochote.

Usisahau watu waliohama bila kuinuka kitini

Wakati mwingine idara nzima huuzwa, na asubuhi wahandisi hufika kazini kwenye meza zilezile wakiwa na mwajiri mpya. Mfano wake huenda uko mkononi mwako sasa hivi. AMD, ambayo ilikuwa imeinunua ATI mwaka 2006, iliuza idara yake ya michoro ya simu kwa Qualcomm mwezi Januari 2009 kwa dola milioni 65. Qualcomm iliita chipu zake za michoro Adreno. Zipange upya herufi za neno hilo na utapata Radeon.

Hapa una njia ya uchunguzi ambayo kadi za zamani haziruhusu kwa urahisi, nayo ni kusoma amri za ndani za chipu. Watu walioandika viendeshi huria (programu za kuiendesha chipu zilizo wazi kwa wote) vya Adreno za kizazi cha kwanza walikuta amri zinazofanana sana na za Xenos, chipu ambayo ATI iliibuni kwa ajili ya Xbox 360 ya mwaka 2005. Ufanano wa amri ni ushahidi mzito kuliko ufanano wa matokeo kwenye skrini, kwa kuwa mpangilio wa biti ndani ya amri una njia nyingi zisizohesabika, na watu wawili wasiofahamiana hawafikii mpangilio mmoja kwa bahati. Ukiwa na simu ya Android yenye chipu ya Snapdragon ya Qualcomm, hata ya bei nafuu iliyonunuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue, programu yoyote ya kuonyesha taarifa za simu itakuandikia jina Adreno na namba yake. Fuata namba hizo kurudi nyuma hadi Adreno 200, ambayo kabla ya kubadilishwa jina iliitwa AMD Z430.

Apple ni habari ya aina nyingine. Kwa miaka mingi simu zake zilitumia michoro ya PowerVR kutoka kampuni ya Uingereza ya Imagination. Mwezi Aprili 2017 Imagination ilitangaza kwamba Apple imeiarifu kuwa itaacha kutumia usanifu wake, na Septemba mwaka huo ikatoka A11, chipu ya kwanza ambayo Apple ilisema michoro yake imebuniwa nyumbani. Apple ilikuwa imeajiri watu kutoka Imagination, na michoro yake mipya iliendelea kuchora kwa vigae kwa mtindo uleule. Lakini programu zote za iPhone zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya chipu za vigae, na Januari 2020 kampuni hizo mbili zilitia saini mkataba mpya wa leseni. Una sababu tatu zinazoshindana, nazo ni watu, programu za zamani na leseni, na maelezo yako lazima yazitaje zote.

Mpime kiongozi kwa mizani yake

Raja Koduri, kiongozi wa uhandisi wa michoro, alitoka kampuni ya S3 akaingia ATI mwaka 2001, akaenda Apple mwaka 2009, akarudi AMD mwaka 2013, na mwishoni mwa 2017 akahamia Intel, ambako alikaa hadi 2023. Ni safari inayovutia, na magazeti huipenda. Kiongozi wa ngazi hiyo huamua bajeti, huajiri, na huchagua soko; anayeamua upana wa kache (hifadhi ndogo ya haraka ndani ya chipu) ni mtu ambaye huenda jina lake hujawahi kulisikia. Kwa hiyo kadi za Arc ambazo Intel ilizitoa mwaka 2022 zihusishe na Koduri katika uamuzi wa Intel kurudi kwenye soko la kadi za michoro zinazojitegemea, lakini ukitaka kueleza muundo wa vitengo vyake vya hesabu, rudi kwenye makala na hataza kama ulivyofanya kwa Tesla.

Andika kwa vitenzi vinavyolingana na ushahidi

Ukifika kwenye kuandika, tenga vitenzi vitatu na uvishike. "Alibuni" ni kwa ajili ya jambo lenye hataza au makala yenye jina la mtu huyo. "Alishiriki" ni kwa ajili ya mtu ambaye kalenda na nafasi yake kazini vinathibitisha kuwepo kwake. "Yawezekana alichangia" ni kwa ajili ya ufanano unaoungwa mkono na kalenda lakini hauna jina. Mhariri akikuomba uondoe neno "yawezekana" ili sentensi iwe na nguvu, mwonyeshe daftari lako, na kama daftari halina zaidi, mwombe aliache.

Kwa habari tuliyoanza nayo, mimi ningeandika hivi: "Wahandisi walioshiriki kutengeneza chipu ya Nintendo 64 ndani ya Silicon Graphics, yenye kilobaiti 4 za tekscha, walianzisha ArtX mwaka 1997 na kubuni Flipper, yenye megabaiti 1 ya tekscha ndani ya chipu na kumbukumbu kuu inayojibu upesi. ATI iliinunua ArtX mwaka 2000, na timu hiyo ikafanya sehemu kubwa ya kazi ya R300 iliyotoka mwaka 2002. Yawezekana mkazo wa R300 juu ya upana wa kumbukumbu ulichangiwa na yale yaliyowapata katika Nintendo 64."

Sentensi ya mwisho nimeiandika kwa penseli.